Nembo Nyekundu, Injini Ileile

Kuna mjadala ambao umekuwa ukizuka kila tunapokusanyika hapa Uingereza, iwe arusini, iwe hitimani, na kwa kuwa kila upande huondoka ukijiona umeshinda, tumeona tuutie katika maandishi. Mjadala wenyewe unahusu kitu kisichozidi kiganja cha mkono, nacho ni nembo ya gari. Vijana wetu wamekuwa wakibadilisha rangi za nembo za magari yao. Iliyotoka kiwandani iking'aa kama kijiko kipya hupakwa nyeusi. Ya buluu hufunikwa. Na ile ya Honda, herufi H ya rangi ya fedha, hubanduliwa na kuwekwa nyekundu. Wazee wanatikisa vichwa na kusema watoto wameharibika, pesa ya boksi wanaitupa kwenye plastiki. Vijana nao wanajibu kwa mkato: gari langu, rangi yangu.

Sisi tunasema pande zote mbili zimekosea. Wazee wanakosea kwa kudhani kuwa hili ni jambo la kipuuzi. Vijana wanakosea kwa kudhani kuwa ni jambo lao peke yao. Rangi ya nembo ni neno. Anayeibadilisha anasema kitu, na mtu akisema kitu mbele za watu, watu wana haki ya kuuliza kama ni kweli. Na swali hilo, tukiwa waadilifu, haliwezi kuishia kwa kijana mwenye Civic kuukuu. Litapanda ngazi mpaka kwa baba mwenye gari jipya la mkopo, na kutoka hapo mpaka kwa kampuni zenyewe zinazotuuzia.

Rangi inasema

Tuanze na wanaodai kuwa rangi ni rangi tu. Hakuna mwanamke wa pwani anayenunua kanga bila kusoma jina lake. Pamba ni ileile, mji ni uleule na pindo ni lilelile, lakini maneno yaliyochapwa ndiyo yanayoamua kama doti ile atapelekewa mama mkwe au itavaliwa ipitishwe mlangoni kwa jirani. Watengenezaji wa magari waliijua hekima hii zamani, ila wao wakatumia rangi badala ya maneno.

Katika miaka ya 1920, kampuni ya Bentley ilipokuwa bado Cricklewood, kaskazini mwa London, ilitengeneza gari la injini ya lita 3. Kwa macho ya mpita njia magari yale yalifanana, lakini nembo zake zilitofautiana rangi. Buluu ilikuwa ya gari la kawaida. Nyekundu ilikuwa ya lile lililotengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Kijani ilikuwa ya machache mno, yaliyouzwa kwa ahadi ya kufika maili 100 kwa saa, mwendo wa kutisha kwa zama zile. Mnunuzi hakuhitaji kufungua boneti. Alisoma rangi, akajua anaangalia nini.

Tuje kwenye gari ambalo wengi wetu tumelipanda, yaani Volkswagen Golf ya dizeli ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nyuma imeandikwa TDI. Herufi zote zikiwa za rangi ya fedha, injini ni ya nguvu ndogo. Herufi ya mwisho ikiwa nyekundu, nguvu imeongezeka. Herufi nyekundu zikizidi, nguvu nayo imezidi. Fundi aliyeyazoea magari haya husimama nyuma ya gari na kulisoma kama mtu anayesoma bei dukani.

Na Honda je? Nembo nyekundu ya magari yake ya barabarani ilianza na NSX-R ya mwaka 1992, ikafuata Integra Type R ya 1995 na Civic Type R ya 1997. Kabla ya kuyapa magari hayo herufi nyekundu, mafundi walipunguza uzito, wakakaza springi na kuinoa injini. Kuanzia 2001 Civic Type R iliundwa hapahapa, katika kiwanda cha Swindon kilichofungwa mwaka 2021. Ile ya 2001 ilikuwa na injini ya lita 2 yenye nguvu za farasi karibu 200. Ndugu yake wa kawaida, mwenye umbo linalokaribiana naye na aliyetoka kiwanda hichohicho, alipata injini ya lita 1.4 yenye nguvu zisizofika nusu ya hizo. Kwa mtu aliye mbali, tofauti ya ndugu hawa wawili ni vitu vichache, na cha kwanza kuonekana ni rangi ya ile H.

Toyota nayo kwa miaka mingi imetia rangi ya buluu katika nembo za magari yake ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja. Hiyo nayo si pambo tu. Vitabu vinavyoandaliwa kwa ajili ya waokoaji hutaja alama za nje ya gari kuwa miongoni mwa vitu vya kuangaliwa, ili mzima moto ajue kuwa ndani kuna betri ya umeme mkali kabla hajaanza kukata bodi kumtoa mtu. Serikali ya hapa pia haikudharau lugha hii. Mnamo Desemba 2020 iliruhusu magari yasiyotoa moshi kabisa yawekewe ukanda wa kijani kwenye kibao cha namba, ili yatambulike kwa mbali.

Rangi hata msiba huutangaza. Jim Clark, dereva wa mashindano wa timu ya Lotus, alipofariki katika ajali huko Hockenheim, Ujerumani, mwezi Aprili 1968, nembo ya Lotus ya kijani na manjano ilibadilishwa ikawa nyeusi kwa muda kwenye magari yaliyokuwa yakitoka kiwandani. Na Rolls-Royce walipobadilisha herufi zao kutoka nyekundu kuwa nyeusi mwaka 1933, mwaka aliofariki Henry Royce, watu wakasema kampuni imevaa nguo za msiba. Kumbe uamuzi ulikuwa wa urembo tu, ulishapitishwa kabla, kwa kuwa nyekundu ilikuwa ikigombana na rangi walizochagua wateja. Tazameni basi: hata pale kampuni isipokusudia ujumbe, watu waliusoma. Ndivyo macho ya binadamu yalivyo.

Kwa hiyo anayetuambia kuwa rangi ya nembo haina maana, atueleze kwa nini hakuchagua ya waridi. Mbona ni nyekundu na nyeusi tu? Anajua anachokisema. Hataki tu kuulizwa.

Mapambo ni mapambo, kilemba cha ukoka ni kingine

Hatutaki kuwadharau wanaoifanya kazi hii, kwani ikifanywa vizuri ni kazi ya mikono yenye adabu yake. Anayebandua nembo huipasha moto kidogo kwa draya ya nywele mpaka gundi ilegee, kisha hupitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake na kuuvuta huku na huku, mshipi uleule ambao babu zetu waliutumia kuvulia changu. Fundi makini hutia alama kwa karatasi ya gundi kabla ya kubandua, ili nembo irudi mahali pake bila kupinda. Anayepaka huanza kwa msasa laini, hupuliza rangi ya kutangulia, kisha tabaka nyembamba nyembamba za rangi yenyewe, akisubiri kila moja ikauke, na mwisho vanishi. Wenye haraka hupuliza mara moja kwa wingi, rangi ikachuruzika kama machozi, na baada ya baridi ya kwanza inabanduka. Wapo pia wanaotumia rangi ya mpira inayoweza kuchunwa baadaye, na hao kwa maoni yetu ndio wenye busara, kwa sababu wameacha mlango wa kurudia.

Tunayagawa mabadiliko haya mafungu matatu. La kwanza ni la kukarabati. Barabara za huku humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula mng'aro wa nembo mpaka ukavimba na kuchubuka. Mtu akiipaka nyeusi badala ya kununua mpya, ameokoa pesa na gari limependeza. Hatuna neno naye. La pili ni la urembo. Gari ni jeupe, mwenyewe anaona nyeusi itapendeza zaidi, anapaka. Hatuna neno naye pia, maadamu gari ni lake na hajamdanganya mtu.

La tatu ndilo tunalolipinga. Ni pale gari la lita 1.4 linapovishwa H nyekundu, Golf ya dizeli ya nguvu ndogo inapopakwa herufi nyekundu mbili, au gari la kawaida la kampuni yoyote linapopewa rangi ambayo kampuni imewawekea magari yake ya kasi. Hapo gari limevikwa kilemba cha ukoka. Injini ni ileile, breki ni zilezile, springi ni zilezile, ila gari limeanza kusema uongo, na linausema mchana kutwa, hata likiwa limeegeshwa.

Tutajibiwa kuwa nyumbani mbona kuna bajaji zenye nembo za BMW, na bodaboda zenye nyota ya Mercedes? Ni kweli, tumeziona na tumecheka. Lakini ile ni kejeli ya mtaani, na mtu hadanganyiki na kejeli. Hakuna aliyewahi kupanda bajaji akashuka akilalamika kuwa haikuwa BMW. Mpaka kati ya mzaha na uongo hauko kwenye gundi. Uko kwenye swali moja: je, yupo anayeweza kuamini? Bajaji haimdanganyi mtu. Civic yenye H nyekundu inaweza kumdanganya mtu, na kwa kweli imewekewa hiyo H ili imdanganye.

Nani anaumia?

Wa kwanza ni mnunuzi, na mara nyingi mnunuzi huyo ni wetu wenyewe. Sote tunajua jinsi magari yanavyokwenda nyumbani. Uingereza, Kenya na Tanzania zote huendesha kushoto, kwa hiyo gari la hapa linafaa kule bila kubadilishwa usukani. Ndugu aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hukusanya pesa, hupigiwa hesabu ya meli na ushuru, kisha hutumiwa picha kwenye simu. Yeye hawezi kulizunguka gari, hawezi kuliwasha, hawezi kufungua boneti. Ana picha, na katika picha ana nembo. Akiona nyekundu ataamini nyekundu, na atalipa pesa ya nyekundu. Ushuru wa bandarini utakapopigwa utaangalia ukubwa wa injini, umri na thamani. Hautaangalia rangi ya nembo. Siku hiyo ndipo ndugu atakapojua, na siku hiyo gari liko kule, pesa iko huku, na undugu uko katikati ya bahari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tunawaambia walioko nyumbani wazi wazi: msinunue nembo. Dai namba ya chasisi. Dai picha ya karatasi ya usajili, ile iitwayo V5C, ambayo huandikwa ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Kwa kutumia namba ya usajili, mtu yeyote anaweza kutazama bila malipo kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza gari ni la mwaka gani, injini yake ni ya ukubwa gani, na limefaulu au kufeli mara ngapi ukaguzi wa kila mwaka. Hiyo ndiyo nembo isiyopakwa rangi.

Wa pili kuumia ni mwenye gari mwenyewe. Vijana wanatuambia kuwa DVLA haiulizi habari za nembo. Ni kweli. Ukibadilisha rangi ya gari zima unatakiwa kuijulisha, lakini nembo haimo katika karatasi zake. Mwenye kuuliza ni mtu wa bima. Katika fomu yake kuna swali kama gari limebadilishwa chochote kutoka lilivyotoka kiwandani, na kampuni nyingi hutaka kuambiwa hata ya urembo. Sheria ya mwaka 2012 inayohusu bima za watu binafsi inamtaka mteja awe mwangalifu asitoe maelezo ya uongo. Akikosea kwa uzembe anaweza kupunguziwa malipo. Akidanganya kwa makusudi, mkataba unaweza kufutwa na asilipwe kitu. Huenda kampuni, ukiiambia, isikuongezee hata peni moja. Sasa kwa nini ununue hofu ya bure? Simu moja au barua pepe moja, na jibu lao ulihifadhi.

Wa tatu hawajulikani bado, nao ni wale walio mbele yetu barabarani. Hili wengi hawalijui, na tunaomba lisomwe mara mbili. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, nembo ya mbele si pambo tena. Nyuma yake kumewekwa rada inayopima umbali wa gari la mbele, na rada hiyo ndiyo inayoamrisha breki zijifunge zenyewe pale dereva anapochelewa. Nembo hiyo hutengenezwa kwa namna ya pekee, ionekane inang'aa kama chuma ilhali inapitisha mawimbi ya rada. Ukiipaka rangi yenye chembe za chuma, au ukibandika nembo nyingine juu yake, unaweza kuwa umeifunga rada kitambaa machoni. Siku mtoto atakapokatisha mbele ya gari hilo, dereva atasubiri msaada usiokuja. Kama nembo ya mbele ya gari lako ni bapa na laini kama kioo, na gari lina breki za kujifunga zenyewe, kisome kitabu chake kabla ya kugusa chochote. Pambo la nyuma ya buti linaweza kusubiri. Rada haisubiri.

Na wakubwa je?

Hapa ndipo wazee wetu wanapokuwa tayari kupiga makofi. Tunawaomba wasubiri kidogo, kwani zamu yao imefika.

Kampuni za magari zilipoona kuwa watu wananunua rangi, hazikulia. Zilifungua duka. Leo karibu kila kampuni ina toleo lake jeusi: gari ni lile lile, injini ni ile ile, lakini nembo, vioo na wavu wa mbele vimefanywa vyeusi, na bei imepanda. Rolls-Royce walipoanzisha toleo lao la Black Badge mwaka 2016, angalau waliongeza na nguvu za injini. Wengi wanaouza weusi kwetu sisi watu wa kawaida hawaongezi hata farasi mmoja. Kinachobadilika ni ile rangi ambayo kijana wa Leicester angeipuliza nyuma ya nyumba yao kwa pauni chache.

Si weusi tu. BMW ina kitengo chake cha M kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya mashindano. Leo ukinunua dizeli ya lita 2 ya daraja la M Sport, utapewa herufi M yenye rangi zake tatu ubavuni mwa gari. Mercedes ina AMG, ambayo injini zake mashuhuri huunganishwa na fundi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na jina lake hubandikwa juu ya injini. Ukinunua AMG Line utapata umbo na magurudumu yanayofanana na ya AMG, lakini injini yenye jina la fundi hutaiona. Audi nayo ina S line, ambayo si S yenyewe. Yote haya ni halali, yameandikwa katika vitabu vya mauzo, na anayesoma atajua. Lakini tuambiane ukweli: ni nini tofauti ya nia kati ya M iliyobandikwa na kampuni ubavuni mwa dizeli ya kawaida na H nyekundu iliyobandikwa na kijana? Moja ina risiti.

Na hiyo risiti mara nyingi ni ya deni. Magari mengi mapya tunayoyaona kwenye maegesho ya kumbi zetu yamechukuliwa kwa mkataba wa PCP. Unaweka kiasi, unalipa kila mwezi kwa miaka mitatu au minne, na mwisho linabaki donge kubwa ambalo usipolilipa gari linarudi. Mpaka donge hilo litakapolipwa, gari ni mali ya mkopeshaji. Baba anayebeba zamu mbili za usiku kuilipia M ambayo haina M, anapata wapi ulimi wa kumcheka kijana aliyetoa pauni kumi? Nyani haoni kundule. Kijana angalau ni mwenye gari. Na kwa wale vijana wenye mikataba kama hiyo, ile hoja ya gari langu rangi yangu imekufa yenyewe: gari si lako, na siku ya kulirudisha mkaguzi atahesabu kila alama ya gundi na kukutoza.

Watoto wetu hawakuokota tabia hii kando ya njia. Wameikuta nyumbani. Wamewasikia watu wazima wakimpima mtu kwa nembo anapoegesha, wakimpisha kiti aliyekuja na nyota ya Mercedes na kumwacha amesimama aliyekuja kwa basi. Wameona picha tunazotuma nyumbani, mtu ameegemea gari la mwajiri, au la rafiki, au la mkopo, na chini yake hakuna maelezo. Picha ile ikifika kule, inasomwa kama kanga. Inasema: huku mambo ni mazuri. Kwa picha hiyo mtu anaombwa ada ya shule asiyokuwa nayo, na akishindwa anaitwa bahili. Kwa picha hiyo kijana mwingine anauza kiwanja cha urithi ili apate nauli ya kuja kubeba boksi. H nyekundu kwenye Civic ni mtoto mdogo wa uongo huo mkubwa. Hatuwezi kumchapa mtoto tukamkaribisha chai baba yake.

Tunachokitaka

Wapo watakaosema tumekuza jambo, kwamba kuna ya kuandika yaliyo mazito zaidi, kama vibali vya ukaazi, kodi za nyumba na watoto wanaosahau Kiswahili. Hayo tumeyaandika na tutayaandika. Lakini jamii hujengwa na kubomolewa kwa mambo madogo yanayofanyika kila siku. Mtu aliyezoea kusema uongo kwa nembo hataona tabu kuusema kwa mdomo, na muuzaji aliyemficha nduguye rangi ya kweli ya nembo hatashindwa kumficha ajali.

Kwa vijana tunasema: pakeni. Mikono yenu ina ujuzi na macho yenu yanajua urembo. Lakini kwanza hakikisheni gari ni lenu. Iandikieni bima. Msiguse nembo yenye rada. Nembo ya asili iwekeni kwenye bahasha, na siku ya kuuza mpeni mnunuzi pamoja na funguo, mkimwambia kwa kinywa chenu kuwa hii niliyoibandika ni urembo. Na rangi ambayo kampuni imeifanya kuwa ishara ya nguvu fulani, waachieni magari yenye nguvu hiyo. Chagueni zambarau, chagueni kijani cha mwani, chagueni rangi ya bendera ya timu yenu. Kuna rangi nyingi duniani ambazo hazisemi uongo.

Kwa wanaouza magari kwenda nyumbani tunasema: tangazo lisilotaja ukubwa wa injini na namba ya chasisi msilitoe, na anayelitoa asinunuliwe. Sheria za hapa zinamtaka mfanyabiashara auze kitu kinacholingana na maelezo yake, na hata muuzaji wa mtu mmoja mmoja hana ruhusa ya kumdanganya mnunuzi. Lakini ndugu aliyeko Tanga au Lamu hatasafiri kuja kushitaki katika mahakama za huku. Ulinzi wake ni sisi.

Na kwa wazee, kwa heshima zote, tunasema: acheni kuuliza mtu amekuja na gari gani. Ulizeni kama limelipiwa, ulizeni kama lina bima, ulizeni kama amelala usiku wa jana au alikuwa kazini akililipia. Siku mtakapomnyanyukia aliyekuja kwa basi kama mnavyomnyanyukia aliyekuja na nyota, biashara ya nembo nyekundu itakosa wateja miongoni mwetu bila ya mtu kupigwa marufuku, na zile za rangi ya fedha zitabaki zilipobandikwa, zikichakaa kwa chumvi ya barabarani na kusema ukweli.